UZI: Maneno ya Kiingereza ya umaskini na kushindwa yanavyowaumiza wanaozungumza Kihispania. Barua moja ilimnyima mama wa watu usingizi siku 9

Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi arudi akitulia.

Naishi Aurora, mji uliopakana na Denver, jimbo la Colorado. Mchana nashinda ghalani napakia mizigo, Jumanne na Alhamisi jioni nasaidia kufundisha Kiingereza kwenye darasa la watu wazima. Karibu wanafunzi wote lugha yao ni Kihispania: kuna wa Honduras, Meksiko, Kolombia, Peru, na kaka mmoja wa Kuba. Si watu wa kufundishwa salamu tena. Wanasoma gazeti, wanabishana na msimamizi kazini, taarifa ya habari wanaielewa. Muhula huu tuliwapangia msamiati wa ngazi ya juu, mada ikawa umaskini na kushindwa, kwa sababu ndiyo inayowafuata kwenye barua, mahakamani na kwenye foleni za kuomba msaada.

Nilijiandaa kweli. Nikaweka ubaoni "penury", "indigence", "insolvent", "precarious", "mendicant". Nilitenga saa nzima. Dakika 5 hazikuisha, somo limekwisha! Kwao hayo ni "penuria", "indigencia", "insolvente", "precario", "mendigo". Maneno ambayo mimi niliyakariri kidato cha tano kwa kuyaandika daftarini mara 20 kila moja, wao wameyanyonya pamoja na maziwa ya mama.

Nikaona mada imeisha, tuhamie nyingine. Alhamisi ileile darasa lilipotawanyika, mama mmoja wa Honduras alibaki kitini. Tunamwita doña, kama sisi tunavyosema bi kwa mtu mzima wa heshima. Kazi yake ni kusafisha ofisi usiku. Akatoa barua ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo imeanza kuchanika kwa kufunguliwafunguliwa. Ilitoka hospitali, deni la dola 640. Kidole chake kikaenda moja kwa moja mstari wa pili: "Your account is delinquent." Akaniuliza kwa Kihispania, kwa sauti ya mtu aliyeko msibani: "¿Me están llamando delincuente?" Wananiita mhalifu?

Kwa Kihispania "delincuente" ni mhalifu, kibaka, mtu wa kutiwa pingu. Kwenye barua ya deni ya Kimarekani "delinquent" maana yake muda wa kulipa umepita, basi. Tatizo ni kwamba Kiingereza nacho kinalo lile la kijana mhalifu, kwa hiyo kamusi ya kwenye simu ilipomwonyesha maana zote, yeye aliona ile aliyokuwa anaiogopa. Siku 9 hakulala vizuri. Hakupokea simu ya namba asiyoijua. Mwanawe wa kiume alikatazwa kufungua mlango.

Nilichukua kalamu nikamwandikia pembeni ya barua: "past due". Chini yake nikaandika "atrasada". Akaitazama muda mrefu. "¿Atrasada, nada más?" Yaani imechelewa tu, hakuna kingine? Machozi yakamtoka pale pale, na mimi nikashindwa la kusema.

Tangu siku hiyo nimebadili kabisa ninavyofundisha mada hii. Neno asilolijua kabisa mwanafunzi atalitafuta au atauliza. Linalomdhuru ni lile analodhani ni ndugu yake, kwa sababu Kihispania ni mtoto wa Kilatini na Kiingereza kimeazima huko huko mzigo mkubwa. Sura ni moja, lakini tabia zimeachana karne nyingi.

Tulirudi kwenye barua ya doña darasani, kwa ruhusa yake, jina tumelifuta. Mstari mwingine ulianza "Failure to respond within 30 days". Watu 6 kati ya 11 walitafsiri "fracaso", kushindwa vibaya, kuangukia pua. Kumbe kwenye Kiingereza cha ofisini "failure to" ni kutofanya jambo tu: usipojibu ndani ya siku 30. Hakuna anayekuhukumu maisha yako. Na hilo "fracaso" lenyewe lina mtego wake, maana Kiingereza kina "fracas", na "fracas" ni ugomvi wa makelele, watu wanarushiana viti. Ukisema biashara yako ya kwanza ilikuwa "a fracas", msikilizaji atauliza polisi walifika saa ngapi.

Halafu kuna haya, nayaeleza moja moja kwa sababu kila moja lina mtu wake darasani.

"Destitute". Kiingereza: fukara wa kutupwa, hana mbele wala nyuma. Kihispania "destituido": aliyeondolewa madarakani. Ndugu yetu wa Peru aliandika kwamba Pedro Castillo "was destitute" Desemba 2022. Alitaka kusema Bunge lilimng'oa urais, jambo ambalo kweli lilitokea tarehe 7 mwezi huo. Alichokisema ni kwamba rais alikuwa hohehahe. Na huyu ni mtu aliyeomba kura kwa kaulimbiu ya kutokuwepo tena maskini katika nchi tajiri, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza angeweza hata kuamini.

"Disgrace". Hili lilinigusa zaidi. Doña alikuwa anasimulia kimbunga Mitch kilivyoipiga Honduras mwishoni mwa Oktoba 1998, mto ukapanda ukachukua nyumba ya wazazi wake. Akasema: "Mitch was a disgrace for my family." Kihispania "desgracia" ni msiba, balaa, janga lililokukuta bila kosa lako. Kiingereza "disgrace" ni fedheha, jambo la kukufanya uinamishe kichwa. Mtu ameeleza maafa yake, mwenzake anasikia aibu. Neno alilohitaji ni "tragedy", na hilo analo, ni "tragedia" kwao pia.

"Misery". Ukisema kwa Kihispania familia iliishi "en la miseria", maana yake ufukara. Ukisema "in misery" kwa Kiingereza, kinachosikika kwanza ni huzuni na mateso ya moyo. Mwenye fedha zake anaweza kuishi "in misery".

"Moroso" kwao ni mtu anayechelewesha malipo. "Morose" kwa Kiingereza ni mtu aliyenuna, uso umekunjamana. Hili nalipitia haraka, halijamtesa mtu.

La "indigent" lina uzito wa sheria. Kihispania "indigente" siku hizi ni mtu anayelala barabarani. Kwenye mahakama za Marekani "indigent" ni yeyote asiyeweza kumlipa wakili, hata kama ana nyumba ya kupanga na kazi. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Gideon mwaka 1963, mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Sasa mtu analetewa fomu iseme kwamba yeye ni "indigent", anakataa kusaini kwa sababu ana heshima zake na ana pa kulala! Anapoteza haki yake kwa kulinda jina lake.

#2 Mpwani halisi

Mkuu, uzi mzuri sana, ila niulize kwa nia njema. Sisi wenyewe huku Kiingereza kinatutoa jasho. Kwa nini usiwasaidie Waswahili wenzako wa huko kwanza?

#3 Mleta uzi

Swali halali, ndugu yangu. Darasani kwetu wamo pia kina mama wawili wa Kongo, wanazungumza Kiswahili cha Bukavu, nakaa nao kila wiki. Lakini mlango wa darasa uko wazi kwa yeyote, na hawa Walatino ndio walionipokea mimi nilipofika. Aliyenionyesha kituo cha basi la kwenda kazini, theluji imefika magotini, alikuwa Mmeksiko. Siwezi kumchagua mtu kwa lugha ya mama yake.

#4 Kijana wa Lavapiés

Niko Madrid mwaka wa saba. Naongezea ya huku Uhispania. Mwanafunzi akifeli mtihani anasema "he suspendido". Akienda London anasema "I was suspended", wenyeji wanaelewa amesimamishwa chuo kwa utovu wa nidhamu. Rafiki yangu alimweleza hivyo mwajiri kwenye usaili. Kazi hakuipata, ingawa sijui kama ni kwa ajili hiyo.

Pia kuna misemo. Huku mtu aliyefulia anasema yuko "sin blanca". Blanca ilikuwa sarafu ya zamani ya Castilla, ya thamani ndogo kabisa. Au atasema hana "ni un duro", na duro ilikuwa sarafu ya peseta 5. Peseta yenyewe ilitoka mzungukoni 2002 ilipoingia yuro, lakini vijana waliozaliwa baadaye bado wanalia hawana duro.

#5 Mleta uzi

Asante kaka, hilo la "suspender" naliingiza kwenye somo. Wakolombia wao husema wame-"perder" mtihani, wanatafsiri "I lost the exam". Mwalimu wa Kiingereza anadhani karatasi imepotea, anaanza kuitafuta.

Umenifungulia upande wa pili, ambao ndio mgumu kuliko hao ndugu wa uongo. Ni maneno mafupi. Kwetu sisi tuliojifunzia shuleni "broke" na "go under" yalikuwa mepesi, "insolvency" ndilo lilikuwa zito. Kwa Mlatino ni kinyume. Darasani kuna baba mmoja wa Kolombia, kwao alikuwa mhasibu. Aliandika: "My enterprise suffered insolvency and I remained in indigence." Sarufi safi kabisa. Lakini akimwambia hivyo jirani yake uani, jirani atahisi anasomewa hukumu. Mwenyeji angesema: "My business went under and I was broke", yaani biashara ilikufa nikabaki mfuko mtupu. Maneno ya kawaida, na ndani yake hakuna hata moja ambalo Kihispania kinamsaidia.

Na "broke" lina mtego. Kihispania aliyefilisika ni "quebrado", kitu kilichovunjika. Kwa hiyo wanasema "I am broken". Hapo umesema moyo wako umevunjika vipande vipande. Mfuko mtupu ni "broke", moyo ni "broken", herufi moja tu imeongezeka. "Bankrupt" nalo ni hatua nyingine, ni suala la mahakama. Huku watu husema "Chapter 7" au "Chapter 13", sura za sheria ya kufilisika, kama majina ya mitaa. Ya 7 mali inauzwa madeni yafutwe, ya 13 unapangiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Mtu akikuambia yuko "Chapter 13", usimuulize anasoma kitabu gani.

Yanayowatoa jasho zaidi ni ya "fall". Kitenzi kimoja, kuanguka, kisha kineno kidogo nyuma kinageuza kila kitu. "Fall behind" ni kuchelewa kodi ya nyumba mpaka deni linakukimbiza. "Fall short" ni kupungukiwa. "Fall apart" ni kusambaratika. "Fall through" ni mpango kuota mbawa. Sisi tunabadilisha maana kwa kugusa mwisho wa kitenzi: anguka, angukia, angusha, angushana. Kihispania kinatafuta kitenzi kipya kabisa kila mara, ndiyo maana kineno cha nyuma hawakioni, macho yanakiruka.

Nilipofika "fall through" maelezo yalinishinda. Nikavaa jaketi langu la kazini, lile lenye mfuko wa kulia uliotoboka, nikatia sarafu ya senti 25 mbele yao. Ikapita tunduni, ikashuka ndani ya kitambaa, ikatokea chini ikagonga sakafu. "It fell through." Baba mhasibu akasimama akasema, kwa Kiingereza, polepole: "My visa for my wife, it fell through." Darasa likanyamaza. Alilipata neno, na alikuwa na pa kuliweka.

#6 Bi Mkunazini

Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Mimi niko Muscat, na hili la ndugu wanaofanana sura linanikumbusha yetu. Mufilisi tumelichukua kwa Waarabu, "muflis", na asili yake ni "fals", sarafu ya shaba, ambayo wingi wake ni "fulus". Aliyekuwa na dirhamu za fedha sasa amebaki na vijisarafu vya shaba. Fukara ni wingi wa "faqir", sisi tukalifanya la mtu mmoja. Wahispania walikaa na Waarabu karne nyingi. Hakuna lililobaki kwao?

#7 Mleta uzi

Wa alaykum salaam, bibi yangu. Lipo, na nilipoligundua nilishindwa kulala kwa furaha!

"Maskini" tunalolisema kila siku ni "miskin" ya Kiarabu. Wahispania walilichukua neno hilohilo, wakalifanya "mezquino". Zamani kwao lilikuwa na maana yetu, mtu duni, mnyonge. Leo "mezquino" ni bahili, mtu wa roho ndogo. Neno lilivuka bahari mbili, kwetu likabaki na mnyonge, kwao likahamia kwa mwenye mali anayebana. Na angalia Kiingereza kilivyofanya: "miser" la Kilatini lilikuwa mtu wa kuhurumiwa, kwa Kiingereza leo ni bahili. Lugha mbili zimefuata njia ileile bila kuambiana. Labda ni kwa sababu bahili huishi kama fukara.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kilinisaidia kulifundisha. Kihispania kinatofautisha "un hombre pobre", mtu asiye na fedha, na "un pobre hombre", mtu wa kuonewa huruma. Neno likikaa nyuma ni mfuko, likikaa mbele ni huruma. Kiingereza "poor man" kinabeba yote mawili, na wanafunzi wanahangaika. Sisi tunalo: "mtu maskini" ni mmoja, na "maskini, mtoto wa watu!" ni mwingine. Kina mama wa Kongo walilidaka kabla sijamaliza, wakawa wao ndio wanawaeleza Walatino. "¡Pobrecito!", "poor thing!", "maskini weee!" Jioni hiyo darasa zima lilikuwa linahurumiana kwa lugha tatu.

#8 Wa Eastlando

Hapa Nairobi tunasema tu "niko broke" ama "nimesota", hatutafsiri. Lakini kuna haya maneno ya mashirika, "low-income", "food insecurity", hayo nayo unafunza aje?

#9 Mleta uzi

Hayo yanahitaji subira, kaka. Idara ya kilimo ya Marekani mwaka 2006 iliacha kutumia neno njaa kwenye vipimo vyake, ikaweka "very low food security". Mlatino akiona "food insecurity" anawaza "inseguridad alimentaria", na kwao "seguridad alimentaria" ni pia usalama wa chakula, kwamba hakijaoza wala hakina sumu. Dada mmoja aliulizwa kwenye fomu kama nyumbani kwake wana "food insecurity". Akajibu hapana, chakula chetu ni safi. Kumbe wiki ya mwisho wa mwezi alikuwa anakula mara moja ili watoto wale mara tatu. Kwa jibu hilo aliukosa msaada aliostahili. Mimi namwambia kila mwanafunzi: ukiliona hilo neno, soma njaa, jibu njaa.

"Poverty line" wanaijua, "línea de pobreza". Wasichojua ni ilivyopatikana, na wakishajua hawaisahau. Miaka ya 1963 na 1964 mama mmoja wa idara ya hifadhi ya jamii, Mollie Orshansky, alichukua gharama ya chakula cha bei ya chini akaizidisha mara 3, kwa kuwa utafiti wa mwaka 1955 ulionyesha familia hutumia karibu theluthi ya kipato kwa kula. Mpaka leo kipimo rasmi kimejengwa juu ya hesabu hiyo, wanapandisha tu kufuata bei. Mwaka 2025, kiwango kilichotumika kugawa misaada kwa familia ya watu 4 kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka. Baba mhasibu aliuliza kodi ya nyumba iko wapi kwenye hesabu hiyo. Swali zuri kweli, na anayelipa kodi ya Denver analielewa.

Na "garnish" nisilisahau. Wengi wanafanya kazi jikoni kwenye migahawa, wanalijua kama majani ya kupamba sahani, "guarnición" kwao. Kwenye barua ya mahakama "garnish your wages" ni kukatwa mshahara kabla haujakufikia. Kwa madeni ya kawaida sheria ya shirikisho hairuhusu wakate zaidi ya robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, na baadhi ya majimbo yamebana zaidi. Kijana mmoja aliweka barua hiyo droo moja na menyu.

#10 Mpwani halisi

Nimekuelewa mkuu, na nafuta swali langu la juu. Doña aliishia wapi na deni lake?

#11 Mleta uzi

Hujakosea kuuliza, ndugu yangu.

Kabla ya kupiga simu tulimfundisha kuomba fomu ya "financial assistance". Hospitali zisizo za faida huku zinabanwa na sheria ya 2010 kuwa na utaratibu wa maandishi wa kumsaidia asiye na uwezo. Watu wengine huita "charity care", lakini akisikia "caridad" anaona kama anaombaomba, kwa hiyo tulimwachia lile la kwanza. Aliandika sentensi zake kwenye kadi, akazisoma mbele ya darasa mara tatu.

Simu alipiga mwenyewe, spika imefunguliwa, mimi nimekaa kando. Aliyepokea akavuta taarifa zake, akasema ile ile: "I see the account is delinquent." Nilimwona doña akishika kadi kwa mikono miwili. Akajibu: "No, miss. Past due. I want to pay 40 dollars every month, and I want the form."

Wakamtumia fomu. Ameshalipa miezi miwili.